Jambo Moja kwa Wakati Wake

SOMO LA WIKI
Andiko: Marko 1:35-38, Luka 10:38-42



Acha nianze kwa kukiri. Majuzi dada mmoja wa hapa kanisani aliandika usiku kwenye grupu letu, akiomba tumwombee mtoto wake aliyekuwa amelazwa. Mimi, mchungaji wenu msaidizi, niliuona ujumbe huo baada ya siku mbili. Si ati simu ilikuwa imezima. Usiku ule ule nilikuwa nayo mkononi, nikitazama video za watu nisiowajua. Grupu nilikuwa nimelinyamazisha kwa sababu ya kuchoka: salamu za asubuhi, picha za maua, ploti inauzwa, "tuma kwa watu kumi ubarikiwe." Ombi la dada yetu likazikwa humo chini. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini mama alikesha akidhani kanisa limemnyamazia. Nilienda kwake kuomba msamaha.

Uchovu huu najua si wangu peke yangu. Nilipokuwa nikisoma biashara chuoni, nilikutana na jina la Herbert Simon, msomi Mmarekani aliyeeleza mwaka wa 1971 kwamba habari zikizidi, kinachopungua ni umakini wa mtu. Na umakini wako ni mali. Mitandao mingi ya bure inauza muda wako kwa wenye matangazo, kwa hivyo haina haja ya kukuambia "basi, enda ulale." Unasogeza kidole na ukurasa hauishi. Aza Raskin, aliyebuni mtindo huo mwaka wa 2006, baadaye alisema hadharani kwamba anajuta.

Sasa kuna watu wamechoka na wanageukia apu ndogo zinazofanya kazi moja. Kuna moja inaitwa Forest: unapanda mti kwenye skrini, na ukitoroka kwenda kuchezea apu nyingine kabla ya muda kuisha, mti unakufa. Kuna YouVersion ya kusoma Biblia, iliyotolewa na kanisa moja la Marekani mwaka wa 2008, na haina matangazo ya biashara. Hata sisi Wakenya tunajua siri hii. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, kazi yake kubwa ilikuwa kutuma pesa. Unatuma, ujumbe unaingia, umemaliza. Nani hukesha akitazama M-Pesa? Labda anayengoja mshahara!

Tofauti ni hii: chombo chenye kazi moja kina mwisho. Ukimaliza, kinakurudisha kwa watu wako.

Tumtazame Bwana wetu katika Marko 1. Aliamka kabla ya kucha akaenda mahali pa upweke kuomba. Simoni na wenzake wakamfuata na habari kwamba kila mtu anamtafuta. Hebu fikiria arifa ya namna hiyo! Lakini Yesu hakuchukua mwito wa umati kuwa ratiba yake. Alijua alichojia, akaenda miji mingine kuhubiri. Naye Martha katika Luka 10 hakuwa akifanya dhambi jikoni. Shida ilikuwa ni mambo mengi, hadi Mgeni aliyekuwa akipikiwa akasahauliwa.

Lakini tusidanganyane. Ukipakua apu kumi za kukutuliza, umejiletea kengele kumi mpya. Apu inaweza kufunga mlango. Moyo ndio unaochagua kuketi miguuni pa Yesu. Mimi sikukosa apu usiku ule. Nilikosa kujua simu yangu ni ya kazi gani.

Wiki hii tufanye mambo matatu:

1. Kabla ya kufungua simu, jiulize: nimeingia kufanya nini? Ukimaliza, toka.

2. Zima arifa zote isipokuwa zile ambazo kuna mtu anakuhitaji kweli. Asubuhi, soma neno kabla ya kusoma status. Kama simu inakushinda, rudi kwa Biblia ya karatasi. Hiyo haina arifa.

3. Tutenganishe magrupu yetu. Kuanzia Jumapili hii, grupu la maombi ni la maombi tu. Matangazo yatakuwa na grupu lake, ambapo viongozi peke yao wataandika. Salamu na mzaha tutapeana pale nje baada ya ibada, kwa mkono. Na mtu akiwa na dharura, asiandike. Apige simu, hata kama ni saa nane usiku. Nitashika.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
- Ni nani nyumbani kwako anayengoja uiweke simu chini?
- Ni jambo gani moja Mungu amekupa wiki hii, na nini kinakuvuta mbali nalo?

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa wale walioita tukawa na shughuli. Tufundishe kutulia mbele zako, ili tusikie tunapoitwa. Katika jina la Yesu, Amina.