Punguza Uzito wa Tovuti, Anza na Picha

Mteja anayefungua tovuti ya nyumba yako ya wageni kwa simu hulipia kila picha kwa bando lake mwenyewe. Picha ya simu yenye megapikseli 12 huwa na upana wa pikseli 4000 na kimo cha 3000, na faili lake mara nyingi hufika megabaiti 3 au 4. Ukipanga kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, umeshamla megabaiti 30 na ushee kabla hajaona bei ya chumba. Wengi hawasubiri.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye picha, hata kama fundi wako anataka kuanza na seva. Hatua yenye faida kubwa ni kupunguza vipimo. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikishushwa hadi 1200 kwa 900, hubaki na pikseli moja kati ya kila 11, na kwenye kioo cha simu mtu haoni tofauti. Squoosh, programu ya bure ya Google, hufanya hivyo ndani ya kivinjari bila kupeleka picha yako kwenye seva ya mtu yeyote. Ingiza picha, punguza upana, chagua muundo wa WebP, kisha shusha ubora hadi 75 hivi. Picha ya asili na iliyobanwa hukaa ubavu kwa ubavu. Angalia nyuso za watu na anga, maana madoa huanzia huko. Kwa picha nyingi kwa mkupuo, tumia programu ya XnConvert.

Nakala ya asili usiifute. Miundo ya JPEG na WebP hupunguza uzito kwa kutupa sehemu ya taarifa za picha, na kilichotupwa hakirudi. Ukibana tena kilichokwisha kubanwa, picha huzidi kuchakaa. Nembo ni jambo jingine: ihifadhi kama SVG au PNG, la sivyo kingo zake zitafifia.

Halafu kuna tabia ya kupandisha bango zima la picha ili kutangaza bei au ratiba. Maneno hayohayo yakiandikwa kama maandishi ya kawaida hayafiki hata kilobaiti chache, na msomaji anaweza kuyanakili.

Picha zikishanyooka, geukia msimbo. Faili za JavaScript na CSS hujaa nafasi tupu na maelezo ambayo mwandishi alijiwekea; kivinjari hakiyahitaji. Programu ya Terser huyaondoa kwenye JavaScript na kufupisha majina marefu, na ile ya cssnano hushughulikia CSS. Matokeo yake hayasomeki kwa binadamu, hivyo marekebisho yafanyike kwenye faili la mwanzo.

Mwisho ni seva yenyewe. Tangu 1992 ipo gzip, inayobana maandishi kwa kufupisha yanayojirudia bila kupoteza hata herufi moja. Google ilileta Brotli mwaka 2015, ambayo kwa kawaida hubana zaidi. Huna haja ya kununua chochote: iulize kampuni inayokuhifadhia tovuti kama imewasha mojawapo. Usitarajie zisaidie kwenye picha za JPEG, kwani hizo zimeshabanwa tayari.

Pima kabla na baada kwa PageSpeed Insights, ambayo pia ni ya bure. Bandika anwani ya tovuti, soma matokeo ya simu badala ya kompyuta, na utafute kipimo cha LCP, yaani muda ambao kitu kikubwa zaidi kwenye kioo huchukua kuonekana. Sekunde 2.5 au pungufu huhesabiwa kuwa nzuri. Alama ya jumla isikunyime usingizi. Tovuti yenye alama 80 inayofunguka haraka kwenye simu za wateja wako inatosha kabisa. Na mtu akikushauri ulipie seva kubwa zaidi, mwombe kwanza akuonyeshe uzito wa picha zako.