SOMO KWA VIKUNDI: Kanisa Lisilolipa Kodi na Mambo ya Kura

Kura zikikaribia wanasiasa hujaa makanisani, na watu huulizana: je, kanisa linaweza kutuambia tumpigie nani? Leo tuangalie vile Wamarekani walivyolishika jambo hili, kwa maana wao waliliandika katika sheria ya kodi, na wanazozana mpaka leo. Msomaji wa kikundi asome polepole. Mwenye swali asimamishe.

Kwanza tuelewe kodi yenyewe. Kule Marekani kanisa halilipi kodi ya mapato kwa sadaka zake. Hata hapa Kenya, sheria ya kodi ya mapato husamehe mashirika ya dini, ya elimu na ya kusaidia maskini, yakitimiza masharti. Lakini kule kuna jambo lingine ambalo ndilo kiini cha maneno. Tuseme mtu amepata dola 50,000 kwa mwaka, akatoa sadaka dola 1,000. Hadi mwaka 2025, akiorodhesha sadaka hiyo kwa utaratibu unaotakiwa, alitozwa kodi kama mtu aliyepata 49,000. Lakini hizo dola 1,000 akimpa mgombea, hapati nafuu hata senti.

Sasa mnaona hatari. Kanisa likifanya kampeni, pesa za siasa zinaweza kupitia kwenye sahani ya sadaka na kupata ile nafuu. Jirani yako asiyempenda yule mgombea anakuwa amemsaidia bila kuulizwa.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1954. Aliyeileta ni Seneta Lyndon Johnson wa Texas, ambaye baadaye alikuwa Rais. Inasema kanisa au shirika la hisani lisilolipa kodi lisimfanyie mgombea kampeni, wala lisifanye kampeni ya kumpinga. Bunge liliipitisha bila mjadala wowote.

Hayo maneno "wala kumpinga" ndiyo yaliyolinasa kanisa la Pierce Creek, karibu na mji wa Binghamton, jimbo la New York. Siku nne kabla ya uchaguzi wa 1992, kanisa hilo lilitoa tangazo la ukurasa mzima katika magazeti mawili. Lilionya Wakristo wasimchague Bill Clinton kwa sababu ya misimamo yake. Kama lingeishia hapo, labda tungesema ni mahubiri tu. Lakini chini ya tangazo likaomba michango ya kulilipia, na likaeleza kwamba michango hiyo ina nafuu ya kodi! Clinton akashinda. Mwaka 1995 idara ya kodi ikalifutia kanisa ule msamaha. Kanisa likaenda mahakamani, na mwaka 2000 likashindwa katika rufani. Mahakama ilisema ilikuwa mara ya kwanza kanisa halisi kupoteza msamaha kwa sababu ya siasa. Tena ikaeleza kwamba kanisa halikufungwa mdomo: lingeweza kuunda chombo kingine cha kusema siasa, chenye hesabu yake mbali, bila kutumia pesa za sadaka yenye nafuu.

Wengine husikia sheria hii wakadhani mchungaji hawezi kutaja njaa, vita au rushwa. Hapana. Kanisa la Marekani linaweza kuhubiri juu ya hayo yote, kuandikisha wapiga kura, na kualika wagombea wote waulizwe maswali. Mchungaji mwenyewe, kama raia, anaweza kumuunga mkono amtakaye, lakini si kwa jina la kanisa wala kwa pesa zake.

Wapo wanaosema sheria hii inamziba mhubiri mdomo. Rais Donald Trump alitoa amri ya kuilegeza mwaka 2017. Julai 2025 idara ya kodi yenyewe iliambia mahakama huko Texas kwamba mchungaji akiongea na waumini wake juu ya wagombea wakati wa ibada, kwa njia za kawaida za kanisa, hiyo si kampeni inayokatazwa. Kwa maoni yetu hapo wamefungua mlango mpana. Mwenye pesa akijua mimbari inaweza kumtaja, ataitafuta.

Hapa kwetu tumeona mimbari ikitafutwa hivyo. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana alikataza wanasiasa kuhutubia katika ibada. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa michango ya Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto: shilingi milioni 2 za nyumba ya padri, na nyingine 600,000. Hakungoja sheria ya kodi.

Maswali ya kuzungumzia:

1. Mgombea akileta viti 100 kwa kikundi chetu wiki mbili kabla ya kura, mweka hazina aandike nini kitabuni?

2. Tukimkopesha mgombea mmoja ukumbi wa kanisa, mpinzani wake akija kesho tutamjibu vipi?

3. Mwenyekiti wetu akisimama udiwani, aendelee kushika muhuri wa kikundi?