CHUMA KATI YA PETE MBILI
Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Wapo wasemao kwamba Kemia haisemeki kwa Kiswahili. Leo tujaribu pamoja, tena kwa jambo zito: saratani.

Pete ni nini?
Atomi za kaboni huweza kushikana mikono zikafanya duara, kama watoto wachezao. Duara hilo twaliita pete. Mwaka wa 1951 wanakemia walitangaza kitu kipya chenye rangi ya machungwa, ferosini. Ndani yake atomi moja ya chuma imekaa kati ya pete mbili za kaboni tano tano. Kampaundi ambazo metali imeungana na kaboni huitwa za organometali. Fischer wa Ujerumani na Wilkinson wa Uingereza walituzwa Nobel mwaka wa 1973 kwa kuchunguza kampaundi za jinsi hii.

Chuma chaingiaje katika dawa?
Iko dawa ya saratani ya matiti iitwayo tamoksifeni. Chukulia kwamba homoni ya estrojeni ni ufunguo, nayo seli ya saratani ina kufuli. Tamoksifeni huziba tundu la kufuli. Lakini seli zisizo na kufuli hilo hazishtuki! Tamoksifeni ina pete tatu za kaboni sita sita. Katika miaka ya 1990, Gérard Jaouen na wenzake kule Paris waliondoa pete moja, wakaweka ferosini mahali pake. Wakapata ferosifeni. Maabarani, baadhi ya ferosifeni ziliua hata seli zisizo na kufuli.

Hutengenezwaje?
Huchukuliwa ketoni mbili: moja imebeba ferosini, nyingine pete mbili. Hutiwa titaniamu tetrakloraidi na unga wa zinki. Titaniamu huzinyang'anya ketoni oksijeni zao, na kaboni zilizoachwa hushikana kwa mikono miwili miwili. Maji yasikaribie! Titaniamu tetrakloraidi ikipata unyevu hutoa moshi mkali wa asidi. Mwishowe mazao hutenganishwa kwa kromatografia, ndugu ya ile ya wino na karatasi tuliyofanya Kidato cha Kwanza.

Je, ni dawa?
La, bado. Seli kisahanini si mgonjwa kitandani. Titanosini dikloraidi, ambayo pia ina metali na pete mbili, iliua seli maabarani. Ilipopewa wagonjwa katika miaka ya 1990 haikuwafaa vya kutosha, ikaachwa.

Nayasema haya kwa kuwa kwetu nimeona watu wakiuza ng'ombe wanunue chupa ya "dawa ya saratani" isiyojulikana imepimwa wapi. Ukiambiwa kitu chaua saratani, uliza: kisahanini, katika panya, au katika wagonjwa? Wahenga hawakukosea: vyote ving'aavyo si dhahabu.

Zoezi
1. Ferosini ina atomi ngapi za kaboni?
2. Kwa nini maji ni adui wa kazi hii?
3. Mweleze nyanya yako, kwa Kiswahili, tofauti ya kuua seli na kuponya mtu.