Somo: Kuhesabu Uhalifu Mwaka hata Mwaka Pale Penye Wakimbizi wa Ndani

Katika somo hili tutazungumza juu ya hesabu ya uhalifu. Huenda wengine watasema hesabu ni kazi ya polisi na ya serikali. Lakini kuna neno linalosemwa mahali pengi ambapo wageni wamefika: «Tangu hawa watu waje, wizi umezidi.» Neno hilo linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa uongo. Kwa vyovyote lina nguvu ya kuvunja nyumba za watu.

Sisi watu wa Katanga ya zamani tunalijua jambo hilo. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu mengi kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine. Hawakushtakiwa mmoja mmoja kwa kosa alilolitenda. Walihukumiwa wote pamoja kwa ajili ya kabila. Wengi walingoja treni muda mrefu kwenye stesheni, na reli ya kwenda Kasai ni hii hii ipitayo Bukama, Kabondo-Dianda na Kamina. Ndiyo maana mtu akisimama mkutanoni na kusema uhalifu umepanda, tunataka sultani wa kijiji na wazee wamwulize kwanza: umepanda kutoka wapi, na nani alihesabu?

Tuanze na kitabu cha polisi. Mama mmoja ameloweka mihogo yake mtoni, asubuhi anakuta imechukuliwa. Je, kosa hilo litaandikwa? Kwanza lazima aamue kwenda kituoni. Kama kituo ni mbali, au akiombwa pesa ya karatasi, au akiona mihogo yenyewe haifikii bei ya safari, atanyamaza. Pengine atakwenda kwa sultani, nao watalimaliza kwa kuku mmoja. Akifika polisi, lazima ofisa mwenye cheo cha OPJ akubali kuandika ile hati tunayoiita PV. Kisha PV hiyo ifike parke, na parke iamue kuipeleka mahakamani. Kila hatua makosa mengine hudondoka njiani, kama unga katika kiroba kilichotoboka. Hesabu ya mwisho wa mwaka ni ya yale yaliyofika tu. Kwa hiyo tunapoona tarakimu, tuseme «makosa yaliyoripotiwa», tusiseme «makosa yaliyotendeka». Hata katika nchi tajiri ni hivyo. Marekani huwahoji watu nyumbani kwao tangu mwaka 1973, kuwauliza kama wametendewa uhalifu, na miaka mingi imeonekana kwamba zaidi ya nusu ya wizi haupelekwi polisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunaupata kwa majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2006 polisi wa Kenya waliandika makosa 72,225. Mwaka 2007 waliandika 63,028, na mwaka 2008 wakaandika 63,476. Mtu asiyeijua Kenya angesema mwaka 2008 ulikuwa mwaka wa utulivu. Kumbe ndio ule ulioanza kwa fujo za baada ya uchaguzi! Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kati ya mwisho wa Desemba 2007 na Februari 2008, na watu zaidi ya 300,000 walikimbia makwao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, wanawake wakabakwa. Lakini aliyelala uwanjani Eldoret au Nakuru, na kituo cha polisi kiko kule alikofukuzwa, angeripoti wapi? Tena wengine waliwaogopa hao polisi wenyewe. Msomaji aliyekimbia anaelewa jambo hili bila maelezo mengi: siku unapotendewa mabaya zaidi ndiyo siku usiyo na nafasi ya kuandikisha lolote.

Kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Kati ya 2004 na 2006, katika eneo la Mitwaba na sehemu za jirani, vijiji vilichomwa na watu wakauawa na Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga. Wengi walikimbilia porini, wengine mpaka kwenye visiwa vinavyoelea vya ziwa Upemba. Hakuna OPJ aliyewafuata huko na kalamu. Gédéon alijisalimisha Mei 2006, kesi ikaanza 2007, na tarehe 5 Machi 2009 mahakama ya kijeshi ikikaa Kipushi ikamhukumu kifo kwa makosa yakiwemo ya uhalifu dhidi ya ubinadamu. (Hukumu hiyo haikutekelezwa, na mwaka 2011 alitoroka gerezani Lubumbashi pamoja na mamia ya wafungwa.) Tazameni sasa: mauaji ya miaka ile yaliingia katika karatasi za serikali miaka mitatu, minne baadaye, kwa sababu watu walipata ujasiri na njia ya kusema. Anayehesabu kwa mwaka wa karatasi ataona uhalifu mahali ambapo amani ilikuwa imeanza kurudi.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo viongozi wengi hulipokea kwa shida: kupanda kwa hesabu kunaweza kuwa habari njema. Tarehe 20 Julai 2006 nchi yetu ilitoa sheria mbili juu ya ubakaji, namba 06/018 na 06/019. Sheria hizo zilipanua maana ya kosa lenyewe, hata mwanamume akatambuliwa kuwa anaweza kubakwa, na kila aliye chini ya miaka 18 akahesabiwa kuwa mtoto. Uchunguzi ulipewa mwezi mmoja na hukumu miezi mitatu, ingawa muda huo mara nyingi hauheshimiwi. Tendo ambalo mwaka 2005 familia mbili zililimaliza kwa mbuzi, baada ya hapo lilipaswa kufika mbele ya hakimu. Mahali ambapo kuna mganga anayetibu, mwanasheria anayesaidia na mama anayesindikiza, mashtaka huongezeka. Je, wabakaji wamezidi? Pengine ndiyo, pengine sivyo. Tarakimu peke yake haitoi jibu. Lakini kiongozi anayezuia mashtaka ili kijiji chake kionekane safi anawaumiza watoto wa watu mara ya pili.

Sasa tuje kwenye wageni na wenyeji. Kulinganisha miaka kunahitaji kugawanya makosa kwa idadi ya watu. Tuseme kuna kijiji cha watu 4,000 na wizi 20 kwa mwaka. Hiyo ni wizi 5 kwa kila watu 1,000. Wakimbizi wa ndani 2,000 wanafika, na mwaka unaofuata kunaandikwa wizi 30. Watu watapiga kelele: umeongezeka kwa nusu! Lakini sasa watu ni 6,000, na 30 kwa 6,000 ni 5 kwa kila 1,000, sawasawa na zamani. Tuendelee kidogo, tuulize nani aliibiwa. Ikiwa kati ya ule wizi 30, mara 12 walioibiwa ni wakimbizi katika vibanda vyao visivyo na mlango, basi kwao ni 6 kwa kila 1,000, na kwa wenyeji ni 18 kwa watu 4,000, yaani 4 na nusu. Wenyeji wameibiwa kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na wanaolaumiwa ndio wanaoibiwa zaidi. Mfano huu tumeutunga wenyewe. Mahali pengine hesabu inaweza kuangukia upande mwingine, na hapo ukweli huo nao usemwe.

Shida yetu Kongo ni ile namba ya chini, idadi ya watu. Hesabu ya mwisho ya raia wote nchini ilifanyika mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni babu au bibi katika vijiji vyetu! Mikoa imegawanyika, Haut-Lomami imezaliwa 2015 kutoka Katanga, na watu wamehama mara tatu, mara nne. Kwa hiyo mtu akikuletea kiwango cha uhalifu chenye nukta na desimali kwa mji kama Kabondo-Dianda, mwulize idadi ya watu ameitoa wapi. Orodha ya ugawaji wa chakula inaweza kusaidia, na daftari la sultani pia, mradi zote mbili ziangaliwe pamoja.

Tena usilinganishe mwaka mmoja na mwingine peke yao. Kenya iliandika makosa zaidi ya 93,000 mwaka 2019, chini ya 70,000 mwaka 2020, kisha zaidi ya 81,000 mwaka 2021. Mwaka 2020 watu walifungiwa usiku kwa ajili ya Korona. Haikuwa kwamba wezi walitubu. Hata ndani ya mwaka kuna miezi ya njaa, kabla ya mahindi kukomaa, ambapo mashamba huibiwa zaidi. Linganisha Januari na Januari, na angalia miaka mitano au kumi. Na ikiwa huna nafasi ya kufuata kila kosa, fuata mauaji. Mbuzi aliyeibwa anaweza kusahauliwa, lakini maiti ina ndugu, ina kaburi, na kijiji kizima kinajua.

Kwa hiyo tunapendekeza daftari moja kwa kila kijiji au kambi, likishikwa na watu wawili, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, na ikiwezekana mmoja wao awe mama. Waandike tarehe, mahali, aina ya kosa, kama aliyetendewa ni mwenyeji au mgeni, na kama jambo lilifika polisi, kwa sultani, au halikufika popote. Jina la mshukiwa lisiandikwe, wala kabila lake. Daftari lenye majina likianguka katika mikono mibaya linakuwa orodha ya kuua. Kwa ubakaji tungependa hata mahali pasitajwe, maana katika kijiji kidogo mahali ni sawa na jina.

Kwa mazungumzo katika vikundi: Mwaka jana, ni makosa mangapi yaliwapata watu wa nyumba yenu, na mangapi kati yake yaliandikwa? Nani hapa kijijini hawezi kwenda polisi hata akitaka, na kwa nini? Mtu akisema leo wizi umezidi, anahesabu kuanzia mwaka gani?