Dawa Uliyotupa Chooni Huenda Wapi?

Umepata nafuu siku ya tatu, vidonge vya Septrin vimebaki, nawe unavitupa chooni. Je, mambo yameishia hapo?

La. Kidonge cha kawaida cha mtu mzima kina miligramu 400 za salfamethoksazoli. Kikiyeyuka, chatosha kutia maikrogramu moja ya dawa hiyo katika kila lita ya maji taka ya kujaza malori 40 yenye lita 10,000 kila moja. Hata ukikimeza, sehemu ya dawa hutoka na mkojo ikiwa na nguvu zake.

Dawa hiyo majini huwezi kuiona wala kuinusa. Ili kuitambua, wataalamu huchota maji taka kabla hayajasafishwa, mara nyingi kidogo kidogo kwa saa 24, kwani ya asubuhi si sawa na ya usiku. Huyachuja na kuyapitisha katika kijibomba chenye unga unaonasa dawa. Kisha mtambo huzitenganisha kemikali hizo na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 uligundua viuavijasumu na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI katika bonde la Mto Nairobi. Mto huo humwaga maji yake katika Athi, upitao kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika. Mto Ruiru nao ni wa bonde hilo la Athi.

Je, maji hayo yatakulewesha dawa? Kiasi hicho ni kidogo mno kuliko dozi. Hatari kubwa ni kwamba viini vikizoea dawa kidogo kidogo, vilivyo sugu ndivyo husalia na kuzaana. Kumbuka pia kwamba kuchemsha maji huua viini, lakini hakuondoi dawa nyingi.

Basi fanya haya:

1. Usinunue viuavijasumu bila kupimwa na daktari.
2. Maliza dozi kama ulivyoagizwa.
3. Dawa zilizobaki au kuharibika usizitupe chooni. Muulize mwenye duka la dawa au hospitali iliyo karibu jinsi ya kuzirudisha.
4. Usinyunyizie sukuma wiki maji taka.
5. Ikiwa ploti yenu haina bomba la maji taka, hakikisheni lori linalonyonya tangi halimwagi mtoni.

Anayechota maji chini ya mto ni jirani yako pia.