Tumbo Kusumbua Baada ya Vyakula vya Mafuta: Si Kila Mara Huwa Alsa

Katika kaunti ndogo ya Likuyani, mtu akilalamika kwamba tumbo linamuuma baada ya kula, mara nyingi jirani humpa jibu kabla hajamaliza kueleza: hiyo ni alsa. Mgonjwa hupita kwenye duka la dawa sokoni, hununua vidonge vya kupunguza asidi, hupata nafuu siku mbili, kisha maumivu hurudi akila nyama ya kukaanga. Wengine huzunguka hivyo miaka miwili au mitatu. Vidonda vya tumbo vipo, tena ni ugonjwa wa kweli. Lakini maumivu yanayokuja kila baada ya chakula chenye mafuta mengi yana asili zaidi ya moja, na tiba ya moja haiponyi nyingine.

Mafuta hukaa tumboni kuliko chakula kingine chochote. Sahani ya ugali na mboga za kuchemsha hupita mapema, ilhali mlo wa chipsi, chapati za mafuta na nyama iliyonona unaweza kukaa tumboni saa nne au zaidi. Ndiyo maana mtu aliyekula vizuri sherehani hujihisi amejaa hadi usiku, akicheua na kutoa gesi. Huo si ugonjwa. Ni kazi nzito ambayo tumbo limepewa, na mtu akila kidogo kidogo mambo hutulia.

Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo, mwili huita nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini na kuhifadhiwa katika kifuko kidogo kilicho chini ya ini, upande wa kulia, nyuma ya mbavu. Kazi yake ni kuyavunja mafuta yawe matone madogo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta, ili vimeng'enya vya kongosho viweze kuyasaga. Kifuko hicho hujibana kila mara mtu anapokula mafuta. Kikiwa safi, mtu hahisi lolote.

Shida huanza kifuko kikiwa na vijiwe. Vijiwe vya nyongo huundwa polepole, kwa miaka, na wengi walio navyo hawajui kwamba wanavyo. Siku kijiwe kinapoziba mlango wa kifuko wakati kinajibana, maumivu huwa makali, ya kubana, chini ya mbavu za kulia au juu ya kitovu katikati, na mara nyingi huenda hadi mgongoni au chini ya bega la kulia. Huanza muda fulani baada ya mlo, mara nyingi jioni au usiku, hudumu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huisha kabisa kana kwamba hakukuwa na kitu. Huku kuisha ndiko kunakowadanganya watu. Mgonjwa huamka asubuhi mzima, akaenda shambani, akasema dawa ya asidi imefanya kazi.

Wanawake hupata vijiwe hivi kuliko wanaume, hasa waliozaa mara kadhaa na walio na umri wa zaidi ya miaka 40. Uzito mkubwa huchangia. Kupunguza uzito kwa haraka huchangia pia, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hali kadhalika kukaa na njaa muda mrefu: nyongo isipotumika hukolea kifukoni. Msimu wa kuvuna mahindi, kuna mtu anayeanza siku kwa chai na mandazi, akafanya kazi hadi machweo bila chakula, kisha akala mlo mmoja mkubwa wa mafuta saa tatu usiku. Kwa mwenye vijiwe, mtindo huo ni kuyaalika maumivu.

Kuna kundi jingine ambalo halipaswi kusahaulika katika eneo hili la magharibi, ambako ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida. Kwa sababu chembe nyekundu za damu yao huvunjika haraka, wagonjwa wa selimundu hupata vijiwe vya nyongo wakiwa bado wadogo, hata watoto wa shule. Mtoto mwenye selimundu anayelia tumbo upande wa kulia baada ya kula asichukuliwe moja kwa moja kuwa ana minyoo, wala maumivu hayo yasihesabiwe tu kama yale aliyoyazoea.

Vijiwe huonekana kwa picha ya altrasaundi, ambayo haina uchungu. Vikiwa vinasumbua, tiba ya kudumu ni upasuaji wa kuondoa kifuko chenyewe. Mtu huishi vizuri bila kifuko, maana ini huendelea kutoa nyongo, ila sasa hutiririka moja kwa moja utumboni. Baadhi huharisha kidogo wakila mafuta mengi. Kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau ili "kusafisha nyongo" hakutoi vijiwe. Yale madonge ya kijani yanayoonekana chooni asubuhi yake ni mafuta hayohayo yaliyogandishana tumboni kuwa kama sabuni. Mbaya zaidi, kunywa mafuta mengi kwa mpigo hulazimisha kifuko kujibana, na kijiwe kinaweza kusukumwa hadi kwenye mfereji wa nyongo na kukwama huko.

Si kila anayesumbuka ana vijiwe. Maziwa ni mfano mwingine, na katika Likuyani ambako chai ni ya maziwa na ng'ombe yuko nyuma ya nyumba, ni vigumu mtu kuyashuku. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki, hasa wa jamii za wakulima, wana uhaba wa kimeng'enya kinachosaga laktosi, yaani sukari ya maziwa. Katika jamii zilizofuga kwa karne nyingi uhaba huo si wa kawaida sana, na ndiyo maana majirani wawili wanaweza kunywa kikombe sawa, mmoja akaendelea na safari na mwingine akatafuta choo. Dalili zake ni gesi, tumbo kunguruma na kuhara ndani ya saa chache. Mtu anaweza kulaumu mandazi yenye mafuta kumbe kosa ni la chai aliyoyateremshia. Kujipima ni rahisi: aache maziwa mabichi na chai ya maziwa kwa wiki mbili, kisha ayarudie na kuangalia. Si lazima ayaache milele. Maziwa lala na mursik huwapa wengi nafuu kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo, na kikombe kidogo pamoja na chakula huvumilika kuliko lita moja kavu.

Kiungulia ni jambo la tatu. Mafuta hulegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi hupanda hadi kifuani na kooni, hasa mtu akilala mara tu baada ya kula. Kukaa saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kuinua kichwa cha kitanda, husaidia kuliko wengi wanavyoamini.

Alsa yenyewe mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, aliyegunduliwa na madaktari Barry Marshall na Robin Warren huko Australia; walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya asidi, kwa kawaida siku 14. Anayeacha siku ya tano kwa kuwa amepona huwaacha bakteria hai na sugu. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni, ambazo watu humeza kwa ajili ya mgongo, na wakati mwingine, kwa bahati mbaya, kwa ajili ya tumbo lilelile zinalolichoma.

Jikoni, hakuna haja ya kuyafukuza mafuta yote. Mwili unayahitaji ili kupokea vitamini A, D, E na K. Haja ni kuyapima: kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 14, lakini anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye mtungi hajui ametia vingapi. Mrenda, kunde na saga vilipikwa magharibi kwa vizazi vingi bila kukaangwa. Kuku wa kienyeji wa kuchemsha, akitolewa ngozi na supu ikapoa ili mafuta yaliyoganda juu yaenguliwe, bado ni kuku. Mafuta yaliyokaangiwa siku nzima hadi yakawa meusi ni heri yamwagwe.

Yapo maumivu yasiyongoja. Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya upande wa kulia, macho kuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au maumivu yasiyoisha baada ya saa kadhaa: mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Maumivu ya juu ya tumbo yanayoambatana na jasho jingi na kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo, hata kama yalianza baada ya nyama choma.

Kwa yasiyo ya dharura, mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, au mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji. Mgonjwa aende na daftari alimoandika kwa wiki mbili alichokula, saa aliyokula, saa maumivu yalipoanza na mahali yalipokaa, pamoja na dawa zote anazomeza, zikiwemo za miti shamba. Karatasi hiyo humwonyesha daktari njia mapema. Huduma za msingi katika vituo hivyo vya umma hulipiwa kwa aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa kupiga *147#. Upasuaji wa nyongo ni jambo jingine: huo unahitaji michango ya SHA iwe imelipwa, na kwa mkulima asiye na mshahara mchango huo hulipwa wa mwaka mzima, kwa hiyo pesa za mahindi zinapoingia ndio wakati wa kuulipa.