Hesabu Iliyofanyika Si Hesabu Iliyothibitishwa

Barua za safari hii zinahusu uthibitisho usiofichua siri, yaani mbinu ya kumhakikishia mtu kwamba dai fulani ni kweli bila kumwonyesha siri iliyo nyuma yake. Misingi yake iliwekwa mwaka 1985 na Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff, na anayetaka historia ataipata kwingine. Nimechagua barua za wasanidi wa programu ambao tayari wameshika zana na kuanza kujenga, kwa sababu makosa yao ndiyo yatakayowafikia watumiaji.

Mwalimu, sikusoma hisabati chuoni. Naweza kuitumia teknolojia hii?

Unaweza. Noir inafanana na Rust, o1js inaandikwa kwa TypeScript, gnark ni maktaba ya Go, na RISC Zero na SP1 zinapokea programu ya kawaida ya Rust. Hisabati ngumu imeshafanywa na wenzako. Ulichobakiziwa wewe ni nidhamu, na barua zinazofuata zinaonyesha kwamba ndiyo inayokosekana.

Saketi yangu inatoa majibu sahihi na majaribio yote yamepita. Mbona aliyeikagua anasema ina tundu?

Barua kadhaa zimeuliza hivi kwa maneno tofauti, nazijibu pamoja na kwa urefu, maana hapa ndipo penye upotofu unaozaa madhara kuliko mwingine wowote. Katika programu ya kawaida, mashine inayoendesha msimbo wako iko upande wako. Ukiandika kwamba c ni a kugawanya kwa b, mashine itagawanya, na hakuna wa kuizuia. Katika uthibitisho usiofichua siri mambo yamegeuka: anayefanya hesabu ni yule yule anayetaka kuaminiwa, anaifanya kwenye kompyuta yake mwenyewe, na ana uhuru wa kuutupa msimbo wako na kuweka namba azitakazo. Mkaguzi, yaani anayepokea uthibitisho, haioni hesabu hata kidogo. Anachokijua ni masharti uliyoyaandika, ambayo ndiyo saketi yenyewe, na uthibitisho unamwambia jambo moja tu: zipo namba zinazoyatimiza masharti hayo. Namba ambayo haikufungwa na sharti lolote ni mali ya mwongo.

Tuchukue Circom, lugha ambayo wengi wenu mmeitumia. Alama ya <-- inaipa c thamani bila kuweka sharti. Alama ya === inaweka sharti bila kutoa thamani. Alama ya <== inafanya yote mawili. Masharti yenyewe yanajengwa kwa kujumlisha na kuzidisha, hivyo kugawanya hakuandikiki moja kwa moja, na msanidi analazimika kutumia <-- kwa a/b. Akiishia hapo, 12 kwa 3 itampa 4 katika kila jaribio, maana jaribio linaendesha msimbo mwaminifu. Mwongo ataandika 900 mahali pa 4, na uthibitisho wake utapita bila kasoro. Dawa ni kuongeza sharti kwamba c mara b ni sawa na a. Hata hapo kazi haijaisha. Kama a na b zote ni sifuri, sharti hilo linatimizwa na c yoyote ile, kwa hiyo sharti jingine linahitajika: b isiwe sifuri. Hilo linawekwa kwa kumdai anayethibitisha alete namba ambayo ikizidishwa na b inatoa 1, namba ambayo kwa sifuri haipo. Mgawanyo mmoja, masharti mawili, na hakuna hata moja kati yake ambalo majaribio ya kawaida yangekukumbusha.

Anayeona haya ni mambo ya darasani aitazame Tornado Cash, mfumo wa kuchanganya fedha za kidijitali, Oktoba 2019. Kwenye maktaba ya circomlib, katika saketi ya heshi ya MiMC, paliandikwa = mahali palipostahili <==. Matokeo ya heshi hayakufungwa na sharti, hivyo mtu angeweza kughushi uthibitisho kwamba aliweka fedha ambazo hakuziweka, kisha akazitoa. Udhaifu huo ulipogunduliwa, waliojenga mfumo waliutumia wao wenyewe kuziokoa fedha kabla mwizi hajafika. Wala si tukio la peke yake. Utafiti wa mwaka 2024 uliochambua udhaifu 141 katika mifumo ya aina hii ulikuta kwamba sehemu kubwa ya udhaifu wa kwenye saketi ni wa namna hiyo hiyo: masharti pungufu.

Kuna pingamizi la haki hapa: lugha mpya si zimeondoa tatizo? Zimelipunguza sana, na ndiyo maana nazipendekeza. Katika Noir, hesabu ya kawaida inafungwa na sharti bila wewe kukumbuka chochote. Lakini lugha hiyo hiyo inakuruhusu kuandika kazi zisizo na masharti ili kupunguza gharama, na jukumu la kuyahakiki matokeo yake linarudi kwako. RISC Zero na SP1 zinakwenda mbali zaidi, kwani zinathibitisha utekelezaji wa kila amri ya programu. Gharama yake ni muda na kumbukumbu nyingi, jambo ambalo kwa kazi za kwenye seva linavumilika. Hata hivyo data ambayo programu inaisoma kutoka nje bado inaletwa na anayethibitisha. Zana nzuri inakulinda usisahau sharti la mgawanyo. Haiwezi kujua ulikusudia kuthibitisha nini.

Mtumiaji anaandika tarehe yake ya kuzaliwa, saketi inathibitisha ametimiza miaka 18, sisi hatuioni tarehe. Je, tumemaliza?

Hamjaanza. Mlichothibitisha ni kwamba mtu ameweza kuchagua namba iliyo ndogo kuliko nyingine, na mtoto wa miaka kumi anaweza hilo. Tarehe lazima itoke kwenye hati iliyotiwa sahihi ya kidijitali na mamlaka inayoaminika, na saketi iihakiki sahihi hiyo kwa ufunguo wa wazi wa mamlaka, ufunguo ambao mkaguzi anaujua na si aliokabidhiwa na mtumiaji. Tarehe ya leo nayo itoke kwa mkaguzi. Hati ifungwe na ufunguo ulio ndani ya simu ya mwenye hati, utie sahihi swali jipya kila mara, la sivyo uthibitisho mmoja utazungushwa mtaa mzima. Kisha kumbukeni kwamba ndani ya saketi hakuna namba hasi: 17 kutoa 18 kunarudisha namba tasa kubwa mno pungufu ya moja. Kilinganishi cha LessThan katika circomlib kinachukulia kwamba umeshahakikisha ukubwa wa namba unazokipa. Chenyewe hakihakikishi.

Kazi hii inawezekana kwenye simu, tena bila kuzidai mamlaka zibadilishe hati zao. Matteo Frigo na abhi shelat walionyesha mwaka 2024 namna ya kuthibitisha hati iliyotiwa sahihi kwa ECDSA, aina inayotumika kwa wingi tayari. Kwa hati za kidijitali za kiwango cha ISO walipata uthibitisho kwenye simu kwa takriban sekunde 1.2, kulingana na ukubwa wa hati. Google iliutoa msimbo wa mbinu hiyo hadharani Julai 2025. Someni msimbo huo kabla ya kuandika wa kwenu, na hesabuni ni mangapi kati ya niliyoyataja hapo juu mlikuwa mmeyaruka.

Je, uthibitisho huu ni usimbaji fiche wa hali ya juu?

Hapana.

Muuzaji anasema mfumo wake unatumia teknolojia hii, kwa hiyo sheria za taarifa binafsi hazituhusu. Ni kweli?

Ni uongo, na anayeusema anauza jina la hisabati asiyoielewa. Uthibitisho unailinda siri katika kile tu kinachopita kati ya anayethibitisha na mkaguzi. Hausemi lolote kuhusu taarifa zilizokusanywa siku ya usajili. Mfano uko Kenya. Worldcoin, mradi wa utambulisho wa kidijitali, ulitumia Semaphore, mfumo wa uthibitisho usiofichua siri, ili mtu aonyeshe kwamba amesajiliwa bila kusema ni nani. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na kifaa cha kupiga picha za mboni. Serikali ilisimamisha shughuli hizo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa za kibayometriki zilizokusanywa zifutwe. Uimara wa saketi haukuwa hoja mahakamani. Ridhaa ya watu ilikuwa hoja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inahusu hata ukusanyaji wenyewe. Muulizeni muuzaji nini kinahifadhiwa, wapi, kwa muda gani. Akijibu kwa kutaja saketi, hajajibu.

Nataka kuandika maktaba yangu ya uthibitisho ili niielewe vizuri.

Iandike, uielewe, usiiweke sokoni. Aprili 2022 kampuni ya Trail of Bits ilitangaza udhaifu iliouita Frozen Heart, uliokutwa katika maktaba kadhaa za watu mahiri, zikiwemo zinazotekeleza mifumo ya PlonK na Bulletproofs. Chanzo kilikuwa kuacha baadhi ya thamani za wazi nje ya heshi inayotoa namba nasibu, na hilo likatosha kumruhusu mtu kughushi uthibitisho.

Kama majaribio ya kawaida hayatoshi, nijaribu nini?

Jaribu kudanganya. Andika kwanza dai lako kwa sentensi ya Kiswahili cha kawaida, ukitaja nani anatoa kila thamani na nani anaiamini. Kisha chukua seti kamili ya thamani zilizozalishwa na msimbo mwaminifu, badilisha moja, nyingine ziache, halafu iulize saketi kama masharti bado yanatimia. Rudia kwa kila thamani, ukiweka sifuri, moja, na namba kubwa kuliko zote. Ikiwa thamani iliyobadilika inakubaliwa, ama haihitajiki na uifute, ama umesahau sharti. Baadhi ya makosa yanahitaji thamani mbili au tatu zibadilike pamoja, kwa hiyo endesha pia zana kama Circomspect na Picus, zilizotengenezwa kuwinda masharti pungufu katika saketi za Circom. Mtu mwingine aisome sentensi yako na saketi yako sambamba, na asiwe yule aliyeiandika.